Nyumba ya Machage

Jumapili, 1 Juni 2025

Daftari hili nililinunua Mugumu kwa ajili ya maandalio ya masomo. Mwaka umepita tangu nimalize chuo na hakuna shule iliyoniita, kwa hiyo nitalitumia kwa kazi nyingine: kuandika jinsi Mungu atakavyotimiza neno lake kwetu, kuanzia leo mpaka ulezi uishe shambani.

Leo Mchungaji Ambokile amehubiri habari za yule askari wa gereza kule Filipi, aliyeahidiwa kwamba akiamini ataokoka yeye na watu wa nyumbani mwake. Ahadi hiyo niliishika nikiwa kidato cha pili, wiki niliyookoka, na sijaiachia. Mwisho wa ibada ametangaza ubatizo: tarehe 24 Agosti, Jumapili moja baada ya sikukuu ya mavuno, kwenye lambo. Nikaona ni mimi ninayeambiwa.

Kwenye ukurasa wa mwisho nimeorodhesha watu wa nyumba yangu. Mama, Bhoke: ameokoka, nimeweka alama ya vema. Enock, mdogo wangu, yuko JKT: ameokoka pia, ingawa naona ni wokovu wa kufuata mkumbo. Vema, kwa penseli. Bibi Ghati: bado.

Bibi Ghati hakumzaa mama yangu. Alimwoa. Huku kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume, au aliyefiwa naye, anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Mume wa Bibi, Machage, alikufa mwaka 1986. Mimi nimezaliwa 2001. Vyeti vyangu vyote, cha darasa la saba mpaka cha shahada, vinasema Jesca Machage, na huyo ninayeitwa kwa jina lake sijawahi kumwona hata kwenye picha.

Aliyenizaa anaishi Genkuru, karibu na mgodi. Nimemwona mara mbili. Hapa nyumbani hatajwi, na kwenye orodha sikumwandika.

Jumatano, 4 Juni

Ndege wamevamia ulezi. Tumeshinda shambani tukipiga madebe.

Jumapili, 8 Juni

Bibi amekuja kanisani. Sikumwomba. Nilipotoka chumbani nikamkuta ameshavaa viatu, ameketi kwenye kigoda kama mtu anayesubiri basi la Musoma. Alikaa benchi la mbele, mikono juu ya fimbo yake, akimtazama kila mwimbaji usoni mmoja mmoja.

Njiani nikamwuliza ameonaje.

"Mnaimba sana," akasema. "Mungu wenu hapati nafasi ya kujibu."

Mama akacheka mpaka akasimama. Mimi sikucheka, nilikuwa nashukuru. Sasa hivi nikiandika ndiyo nacheka.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nitaandika yote, hata yale ambayo ningependa kuyaruka.

Bibi alikuwa anakagua visu vidogo vya kukatia masuke. Mimi nilikuwa nachambua mboga karibu naye. Akaniuliza, bila kuinua macho:

"Jesca, nikiingia kwenye hayo maji yenu, halafu nikafa, nakwenda wapi?"

"Mbinguni, Bibi."

"Machage yuko huko?"

Ningeweza kusema hukumu ni ya Mungu. Ningeweza kusema sijui. Nilichagua kusema nilichofundishwa, tena kwa sauti ile ninayoitumia ninapoongoza kipindi cha vijana.

"Machage hakumpokea Yesu, Bibi. Asiyempokea hawezi kuwa huko."

"Hakuletewa ampokee. Mwaka aliokufa, pale penye kanisa lenu walikuwa wanalala ng'ombe wa baba yake huyu mzee wenu Simioni." Akachukua kisu kingine. "Na Magige?"

Magige ni mwanawe wa pekee wa kiume. Alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, kabla ya Machage. Hapo nikapumua, maana kwa Magige nilikuwa na jibu zuri.

"Watoto wadogo wanapokelewa. Magige yuko kwa Mungu."

"Kwa hiyo Magige yuko huko na baba yake hayuko." Akapitisha kidole gumba kwenye makali. "Sasa nani anamlea?"

Nikaendelea kuchambua mboga.

"Mimi nilitoa ng'ombe nikamwoa mama yako ili nyumba ya Machage isizimike. Watu walinicheka. Walisema, mama, chinja hao ng'ombe ule, mume wako ameshaoza. Miaka ishirini na nane namtunza mtu aliyekufa. Leo wewe, ambaye ni mtoto wake, unanialika mahali alipofungiwa mlango." Akanyoosha mkono. "Nipe hilo jiwe la kunolea."

Nikampa. Akanoa. Nikaondoka na mboga zangu nikijiona nimesimama imara katika imani. Nayaandika haya ili nikiyasoma baadaye nione haya. Sidhani kama itabidi nisubiri sana.

Ijumaa, 13 Juni

Bibi hajasema nami tangu jana. Anasema na kuku.

Jumapili, 15 Juni

Hakuja kanisani.

Ijumaa, 20 Juni

Honoratha, muuguzi wa zahanati, alinipigia simu nifike mara moja. Nikadhani Bibi amezidiwa huko alikokwenda kuchukua dawa. Nikakimbia. Nilimkuta Honoratha peke yake anapanga makopo ya dawa kwenye kabati.

"Bibi yako ameshaondoka, mzima," akasema. "Nimekuita wewe. Umemwambia mgonjwa wangu wa presha kwamba mume wake yuko motoni?"

"Sikusema motoni."

"Ulisema yuko wapi?"

Nikamsogezea kopo lililokuwa karibu. Honoratha ametoka Bukoba, ni Mkatoliki, na tangu ahamishiwe hapa ndiye rafiki yangu pekee wa kuzungumza naye vitabu. Huwa tunabishana dini kwa raha. Leo hakuwa na raha.

"Sisi marehemu wetu tunawaombea," akasema. "Baba yangu, kila Novemba namwombea misa."

"Sisi tunafundishwa kwamba mtu akishakufa mlango umefungwa."

"Sawa, umefungwa. Lakini Mungu akikukuta umesimama hapo unabisha hodi kwa ajili ya mume wako, atakufukuza na fimbo?"

Nilitaka kumjibu kwa maandiko. Nilikuwa nayo matatu mdomoni. Nikaona makopo ya dawa, nikaona kalenda ya kliniki, nikawaza Bibi amekaa kwenye lile benchi anafungwa mkanda wa presha mkononi huku anamsimulia mgeni wa Bukoba habari za Machage. Nikayameza yote matatu.

"Nenda kaombe radhi," akasema Honoratha. "Na mwambie ni kidonge kimoja asubuhi, si viwili."

Jumamosi, 21 Juni

Nimeomba radhi. Bibi amesema, "Kidonge nimesikia." Lakini jioni alinimegea ugali wake.

Alhamisi, 26 Juni

Tumeanza kuvuna. Ulezi wa mwaka huu ni mzito, masuke yamefumba kama ngumi. Mgongo unauma kwa namna ninayoipenda. Ninapokata siwazi, na mtu kama mimi akipewa saa nne za kutowaza amepewa zawadi kubwa.

Jumapili, 29 Juni

Leo mchana, bila utangulizi wowote, Bibi amesema:

"Niandike."

"Nikuandike wapi, Bibi?"

"Kwenye maji yenu. Nimefikiri. Mtu akiwa na shida ya ardhi hasimami barabarani akapiga kelele. Anakwenda Mugumu, anaingia ofisini, anaketi mbele ya mkubwa mwenyewe. Nami nitaingia. Nikifika nitamwuliza: Machage umemweka wapi?"

Mama alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Tulitazamana. Nilitaka kumweleza Bibi kwamba mtu habatizwi ili aende kudai. Kisha nikamtazama vizuri. Miaka sabini na saba, na anataka kumwendea Mungu uso kwa uso kwa ajili ya mtu mmoja. Nimekuwa nikimwomba Mungu ampe Bibi imani. Labda nilikuwa sijui kuitambua.

Nimelala mchana kidogo kwa furaha. Sijawahi kulala mchana.

Alhamisi, 3 Julai

Nimejaza fomu ya ubatizo ya Bibi. Jina, umri, kijiji. Palipoandikwa hali ya ndoa, Mama akasema, "Andika mjane. Ni kweli, ni mjane."

Ni kweli. Lakini ni nusu ya kweli, na mimi sitaki Bibi aingie kwa nusu. Nikaandika: Mume, Machage, marehemu. Mke, Bhoke, yupo.

"Jesca," akasema Mama, "ukweli wako hauna breki."

Nikamwambia kila mtu hapa kijijini anajua. Akasema, "Wanajua. Hawajaandikiwa."

Jumamosi, 5 Julai

Risaga kwa Simioni. Tulikuwa watu kumi na wanane, tukamaliza shamba kabla ya saa nane. Utaratibu wetu ni kwamba kaya zilizo kwenye kundi zinavuniana kwa zamu: leo kwako, wiki ijayo kwa mwingine, na mwenye shamba anapika. Hairuhusiwi kukosa. Aliyevuniwa asipokwenda kuvuna kwa mwenzake, msimu unaofuata atavuna na watoto wake tu.

Simioni ni mzee wa kanisa. Amechinja mbuzi wawili. Nimekula hadi nikashindwa kuinama.

Jumamosi, 12 Julai

Risaga kwa Mchungaji. Ana kipande kidogo nyuma ya kanisa. Bibi alikaa kivulini akachambua masuke, Mama na mimi tukakata. Mchungaji alitushukuru kila mmoja kwa jina, ila fomu hakuitaja. Hakunitazama.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada tuliitwa ofisini, Mama na mimi. Bibi alibaki nje kwa sababu ofisi ina viti viwili. Mchungaji Ambokile alikuwa na fomu yangu mezani, na Simioni amesimama nyuma yake.

Mchungaji ni mtu wa Mbeya, ana mwaka mmoja na nusu hapa. Alisema siku zote alidhani Mama ni mkwe wa Bibi, mjane wa mtoto wake. Alisema kwa upole. Baraza la wazee limekaa. Bibi hawezi kubatizwa akiwa na mke. Sharti kwanza avunje ndoa hiyo, Bhoke arudi kwao. Na Mama, mpaka jambo liishe, aache kuimba kwaya.

"Mchungaji," nikasema, "hawa si mume na mke kama unavyodhani. Kila mmoja ana chumba chake. Ni nyumba. Ni kaya. Ni watoto."

"Ninakuelewa, dada Jesca. Lakini imeandikwa ndoa. Tena kwa mkono wako."

Nikamgeukia Simioni. "Mzee, wewe ulikuwa unajua tangu sijazaliwa."

"Nilikuwa najua," akasema Simioni, akitazama dirisha. "Sasa imeandikwa."

Mama ndiye aliyetangulia kutoka. Nyumbani alikunja sare yake ya kwaya, akaiweka kwenye sanduku, akakaa juu ya sanduku.

"Nirudi kwetu," akasema. "Kwetu wapi? Nimekuja hapa nina miaka kumi na minane. Baba amekufa, mama amekufa, boma lilishahama. Nirudi kwa nani, kwa kichuguu?"

Nilipiga magoti mbele yake. Nilisema ni kosa langu. Hakukataa. Akanishika kichwa, akaacha mkono wake hapo muda mrefu, mzito, unanuka majani ya ulezi.

Bibi tulimweleza tukiwa tumejiandaa kwa kilio. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Kwa hiyo ili niokoe nyumba, niivunje?"

"Ndivyo walivyosema."

"Zamu ya risaga ijayo ni ya nani?"

"Yetu, Bibi. Tarehe ishirini na sita."

"Vizuri," akasema. "Watakuja."

Jumatatu, 14 Julai

Sikuweza kuomba. Nilifungua ukurasa wa orodha nikaufunga.

Jumamosi, 19 Julai

Mvua isiyo ya msimu. Tulikimbiza ulezi ndani pamoja na turubai lake. Bibi alishika pembe moja kama kijana. Hatukupoteza hata kikapu kimoja, tukanywa chai nyingi.

Alhamisi, 24 Julai

Bibi anatengeneza togwa, mitungi mitatu. Kwenye risaga za zamani ilikuwa pombe. Nilimwuliza mbona asipike pombe, kwa kuwa ubatizo wameshamkatalia. Akanitazama kama nimemtukana.

"Wamenikatalia wao. Mimi sijakataa."

Jumamosi, 26 Julai

Wamekuja. Kundi zima, na Mchungaji pamoja nao, amevaa buti za mpira na fulana ya mkutano wa injili. Simioni alikuja na mkewe na visu vyao. Waliingia uani wakiwa kimya kama watu wa msibani. Bibi aliwapokea mmoja mmoja.

"Shikamoo, Bibi," akasema Mchungaji.

"Marahaba, mura. Shamba liko kule, usikanyage maboga."

Mura ni kijana wa kiume. Mchungaji ana miaka arobaini na mitatu. Watu wakaanza kutabasamu, na ule ukimya ukakatika.

Tulikata kuanzia saa moja. Mchungaji hajui ulezi, kwao wanalima ndizi na chai. Anashika suke kwa mkono mzima kama anashika panya. Bibi, ambaye kwa umri wake haruhusiwi na mtu yeyote kukata, alitembea nyuma yake na fimbo.

"Mura, unakata au unanyoa?"

"Nifundishe, Bibi."

Akamfundisha. Nilikuwa mistari miwili pembeni, nilisikia kila kitu. Alimshika mkono kabisa, vidole vyake vyeusi vilivyopinda juu ya vidole vya mtu aliyemkatalia.

Saa tisa tukala. Ugali wa ulezi, mbuzi, maziwa ya mgando. Togwa ilipopita, mmoja wa wakataji akasema togwa hii ukiinywa inakuimbia pambio tumboni, na watu wakacheka, Mchungaji pia. Ndipo Bibi, akigawa nyama kwa mkono wake, akafika kwa Simioni.

"Simioni, baba yako alizaliwa nyumba ya nani?"

Simioni akaacha kutafuna.

Ninapaswa kueleza: wazee wote wanaijua habari hiyo, mimi nilikuwa sijui. Bibi yake Simioni aliolewa na mwanamke. Baba yake ni mtoto wa nyumba ntobhu, kama mimi.

"Nauliza tu," akaendelea Bibi, akimwekea kipande kizuri cha paja. "Maana nikimrudisha Bhoke kwao, itabidi turudishe na wa kwenu. Naye amelala pale kwenu miaka mingi. Tutaanza kuchimba lini?"

Mkewe Simioni akaziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Simioni alitazama nyama, akatazama wenzake, na mwishowe akasema polepole:

"Ghati, wewe ni mtu mbaya."

"Kula, baba. Inapoa."

Alikula.

Baada ya chakula Mchungaji aliomba kuonyeshwa kaburi la Machage. Sikuelewa kwa nini. Ni mawe tu, karibu na ua wa minyaa, yamezama nusu. Bibi alikwenda naye, akaniita nimshike mkono, ndiyo maana nilisikia.

"Huyu ndiye," akasema Bibi. "Mjukuu wangu aliniambia hayuko kwa Mungu. Na wewe niambie. Yuko wapi?"

Mchungaji alivua kofia. Nilikuwa naogopa atasema nilichosema mimi, na kuliko hilo niliogopa atasema maneno matamu ya kumridhisha mzee.

"Sijui, Bibi."

Bibi akasubiri.

"Baba yangu alikufa mwaka juzi, Rungwe. Nilimhubiria miaka kumi na tano. Siku ya mwisho aligeukia ukutani. Mama akiniuliza yuko wapi, nabadilisha mazungumzo. Nimehubiri ile habari ya askari wa gereza mara nyingi, na kila mara, nikifika pale penye watu wa nyumbani mwake, sauti inataka kunikatika. Natafuta jibu. Sina."

Upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya ulezi kutoka uani, yakatua juu ya mawe. Bibi akaokota moja kwenye bega la Mchungaji.

"Wote waliokuja hapa na habari za Mungu wanajua," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza asiyejua. Basi twende wote tukamwulize. Wewe wako, mimi wangu."

Jumapili, 27 Julai

Mwili wote unauma. Mama hakuimba. Alikaa karibu nami na kunifinya nilipotaka kulia.

Jumapili, 3 Agosti

Simioni alikuja nyumbani mchana, peke yake, hakutaka kiti.

"Ghati, nimekwenda nyuma, nimehesabu," akasema. "Nikianza kuwarudisha watu makwao, na mimi sina pa kulala."

"Si nilikuambia ule, inapoa," akasema Bibi.

Baraza limekaa tena asubuhi baada ya ibada. Simioni mwenyewe ndiye aliyezungumza. Mchungaji amenirudishia fomu ile ile. Maneno yangu hayakufutwa. Chini yake, kwa kalamu ya bluu, ameandika: Ghati ni mkuu wa kaya. Bhoke na watoto ni watu wa nyumba yake. Na sahihi.

Mama alifungua sanduku, akaipiga pasi sare. Alikuwa anaimba kabla mkaa haujashika.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekuwa nikifikiri, na nitaandika kabla sijalipamba.

Nilidhani mimi ndiye niliyeibeba nyumba hii mbele za Mungu. Nilikuwa na ahadi yangu, na orodha yangu yenye alama za vema, na nilimwona Bibi kama mzigo wa mwisho kupakiwa. Lakini kabla sijazaliwa, mwanamke huyu alikataa mtu wake apotee. Hakujua kuomba kwa maneno ninayoyajua mimi. Alikuwa na ng'ombe, akawatoa. Mimi ndiye jibu alilopewa. Ninakula, ninasoma, ninamwomba Mungu, kwa sababu Bibi hakukubali kwamba kifo kimemaliza habari ya Machage.

Siwezi kuamini kwamba Bibi anapenda kwa ukaidi kuliko Mungu. Fundisho hilo sikulipata darasani na sijui wazee wataliitaje. Nimelala nalo siku tatu na halijanichoma.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Tumekula kuku.

Jumapili, 17 Agosti

Sikukuu ya mavuno. Karani alisoma sadaka za kila kaya. "Nyumba ya Machage, gunia moja la ulezi." Jina la mtu aliyekufa miaka thelathini na tisa iliyopita, likasomwa kanisani kwa sauti ya kawaida, kati ya mahindi ya Simioni na kuku wa mwalimu mkuu. Bibi alikuwa ameketi wima. Aligonga fimbo yake sakafuni mara moja.

Jumapili, 24 Agosti

Tulifika kwenye lambo saa tatu, wabatizwa saba. Tukakuta ng'ombe wameingia kunywa, kundi zima, wamelichafua maji mpaka yamekuwa chai ya maziwa. Mchungaji akasema tusubiri. Kwaya ikaimba, ng'ombe wakanywa. Bibi aliwatazama kwa jicho la mtu anayejua thamani yao.

"Yule mwekundu ni mzuri," akamwambia Mama. "Wawili kama yule niliwatoa kwa ajili yako."

"Nilistahili zaidi," akasema Mama.

Walipotoka Bibi akaingia wa kwanza, Mchungaji upande mmoja, Simioni upande mwingine. Maji yalimfika kifuani. Nilikuwa ukingoni na kanga kavu mikononi.

"Ghati, unamwamini Bwana Yesu?"

"Namwamini. Nina neno naye, lakini namwamini."

"Unaacha yote ya zamani?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, watu wakaanza kutazamana.

"Yote," akasema, "isipokuwa watu."

Mchungaji Ambokile alisimama na mkono wake hewani. Sijui alimwona nani ndani ya yale maji. Simioni ndiye aliyesema:

"Mchungaji, bibi anapata baridi."

Wakamzamisha. Aliinuka akikohoa, akapangusa matope usoni, akatoka kwa miguu yake mwenyewe moja kwa moja mpaka kwa Mama. Nilikuwa na kanga, lakini alikwenda kwa Mama. Nikawafunika wote wawili.

Jumatatu, 25 Agosti

Ulezi wote uko ghalani. Leo nilitaka kuweka alama ya vema mbele ya jina la Bibi na kufunga daftari, kama nilivyopanga tarehe moja Juni. Nilikuwa uani na kalamu. Bibi akauliza ninaandika nini, nikamweleza: ni watu wa nyumba yetu, ninaowaombea.

"Nisomee."

Nikasoma. Bhoke. Enock. Ghati.

"Umesahau Machage."

Nikamwandika Machage.

"Na Magige."

Nikamwandika.

Alikuwa anapepeta ulezi wa uji, anarusha na kudaka bila kutazama. Mama alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Nilidhani tumemaliza. Nikafunika kalamu.

"Na yule wa Genkuru," akasema Bibi.

Nilimsikia Mama akiacha kukoroga.

"Huyo si wa nyumba hii, Bibi."

"Nilipouliza habari za Machage, ulinijibu hivyo hivyo." Akarusha, akadaka. "Mtu alinipa watoto wawili, hata asante sijampa. Anaitwa Nelson. Andika."

Nikafungua kalamu. Jikoni mwiko ukaanza tena kuzunguka. Niliandika Nelson, jina ambalo mkono wangu haujawahi kuliandika mahali popote, na Bibi akasogeza ungo pembeni, akainama aone kama nimeliandika vizuri, ingawa hajui kusoma.